Uliza Katibu: "Wakala Anataka Milioni Tatu Mwanangu Aende Ulaya"

Mwezi huu barua ni nyingi na karibu zote zinaulizia Ulaya. Ndiyo kawaida. Dirisha la usajili likifunguliwa kule, huku Temeke hata muuza chipsi anajua nani kapelekwa wapi kwa mkopo. Kwa msomaji mgeni: nilikuwa katibu wa klabu ya daraja la pili kwa miaka 19. Uwanjani sikuwahi kufunga bao la kusimulia wajukuu. Kazi yangu ilikuwa karatasi: fomu za usajili, leseni za wachezaji, barua za kumwombea beki wetu ruhusa kwa bosi wake wa gereji. Ukiniuliza mpira nitakujibu karatasi, nivumilie.

SWALI: Shikamoo Katibu. Mwanangu ana miaka 16, anacheza winga, na kila anayemwona anasema ana kipaji. Mwezi uliopita alicheza ndondo, mechi za mtaani, hapa kwetu. Baada ya mechi akaja bwana mmoja kavaa traksuti, akasema yeye ni wakala na ana mchongo wa majaribio kwenye klabu kubwa ya Ureno. Ametuma barua ya mwaliko kwa WhatsApp, nakuambatishia uione. Anataka shilingi milioni 3 za viza na tiketi, na ananihimiza nilipe kabla ya tarehe 15, la sivyo nafasi anapewa mtoto mwingine. Marehemu baba yake alituachia kiwanja kidogo. Nikiuze? (Mama wa winga, Chanika)

JIBU: Marahaba, mama. Kiwanja usiuze. Nimelitanguliza hilo ili hata ukiacha kusoma hapa ukakimbilia maharage jikoni, uwe umeshalipata.

Barua nimeisoma mara tatu, mara ya mwisho kwa miwani ya mke wangu maana yangu ina mkwaruzo. Nembo ya klabu imevutwa upana mpaka yule ndege anafanana na bata. Jina la mwanao limeandikwa kwa herufi nzito kuliko maneno yaliyo kushoto na kulia kwake, maana yake kabla ya mwanao palikuwa na jina la mtoto mwingine, likafutwa. Barua pepe ya kujibu ni ile ya bure ambayo mimi na wewe tunaweza kuifungua leo kwenye simu. Aliyesaini anajiita mkurugenzi wa viza. Mama, klabu ya mpira ina mkurugenzi wa ufundi, ina daktari, ina hadi mtu wa kukata nyasi. Mkurugenzi wa viza sijamsikia. Na tarehe ya majaribio ni katikati ya Juni, wakati ligi ya Ureno imeshakwisha na wachezaji wako ufukweni na familia zao. Nani atamjaribu mwanao, walinzi wa uwanja?

Hayo ni ya barua. Hata ingekuwa barua safi kabisa, bado kuna umri. Kanuni za FIFA, kifungu cha 19, hazimruhusu mchezaji aliye chini ya miaka 18 kusajiliwa na klabu ya nchi nyingine. Zipo njia chache za pembeni: kama wazazi wamehamia nchi hiyo kwa sababu zao zisizo za mpira, au kama mtoto anaishi karibu kabisa na mpaka. Wale wa Ulaya wenyewe wana nafuu yao kuanzia miaka 16, lakini ni kwa kuhama kati ya nchi zao. Mtoto wa Chanika hayumo katika hizo. Akienda Ureno leo, hata awe moto kiasi gani, klabu haiwezi kumsajili kwa miaka 2 ijayo. Huyo bwana anakuuzia tiketi ya basi ambalo halijaundwa.

Sasa yeye mwenyewe. Siku hizi wakala wa wachezaji lazima awe na leseni ya FIFA. Mtihani wao ulianza mwaka 2023, na majina ya waliofaulu yako kwenye tovuti ya FIFA, unaandika jina unatafuta. Kwa mtoto kuna masharti zaidi: wakala hatakiwi hata kumsogelea mpaka ibaki miezi 6 kufikia umri ambao sheria za nchi atakayoajiriwa zinamruhusu kusaini mkataba wa kulipwa, na awe na ruhusa ya maandishi ya mzazi. Huyu alimfuata mwanao pembeni ya uwanja, jasho halijakauka, kabla hajakuona wewe. Na wakala wa kweli hula asilimia ya mkataba. Anakula mchezaji akishapata. Anayekula kabla biashara yake ni nyingine.

Muulize mambo mawili tu. La kwanza, jina lako kamili kama lilivyo kwenye leseni ni lipi? La pili, kwa nini mwaliko haukupitia kwenye timu ya mtoto? Ukimaliza, kaa kimya usubiri. Nadhani utablokiwa kabla ya magharibi.

Kijana atanuna, najua. Wa kwangu alininunia mwaka mzima kwa jambo dogo kuliko hili. Mtafutie timu iliyosajiliwa inayocheza ligi ya vijana, acheze kila wiki, siyo kusubiri ndondo mara mbili kwa mwaka. Na cheti chake cha kuzaliwa kaa nacho wewe, kabatini, chini ya khanga.

SWALI: Katibu, kijiweni kwetu tunabishana kila siku. Mimi nasema Samatta alifeli Aston Villa na toka hapo akaporomoka. Washkaji wanasema hapana. Tumekubaliana wewe uamue, atakayeshindwa ananunua kreti moja ya soda. (Kijana wa Kihonda, Morogoro)

JIBU: Soda unanunua wewe, mwanangu. Ngoja nikueleze ili pesa isikuume sana.

Watu wengi wanaianza habari ya Samatta Birmingham, mji wa Villa, Januari 2020. Mimi naianza Lubumbashi. Kijana wa Mbagala, ametoka African Lyon, timu ambayo zamani ilikuwa Mbagala Market, akacheza Simba msimu mmoja. Mwaka 2011 Simba wakakutana na TP Mazembe kwenye Ligi ya Mabingwa Afrika, na mwaka huohuo Mazembe wakamchukua. Alikuwa na miaka 18. Huku mitaani tulisema kapotea: mtu anaacha Dar anakwenda Kongo? Tulitaka apande ndege ya Ulaya moja kwa moja, kama sinema.

Alikaa Mazembe hadi Januari 2016. Karibu miaka 5, mwanangu. Na fikiria alichokikuta. Uwanja wao pale Kamalondo una nyasi bandia, timu inasafiri kwa ndege yake, inacheza mechi kubwa za Afrika kila mwaka, mshahara unaingia. Mtaani watu wanaongea Kiswahili, chao cha Lubumbashi kilichochanganyika na Kifaransa, lakini akiomba maji anapewa maji. Thomas Ulimwengu naye alikuwa palepale, Mtanzania mwenzake. Kijana akakomaa bila kulia upweke. Mwaka 2015 wakachukua Ligi ya Mabingwa Afrika mbele ya USM Alger, Samatta akafunga katika mechi zote mbili za fainali, na Januari 2016 kule Abuja akatangazwa mchezaji bora wa Afrika kwa wanaocheza ndani ya bara. Genk wa Ubelgiji hawakuokota kijana wa majaribio. Walinunua bingwa wa Afrika mwenye miaka 23.

Hata Genk wenyewe hakwenda kwa bahati nasibu. Ile ni klabu ya mji wa wachimba makaa ya mawe, na kazi yake inajulikana: inanunua kijana, inampanga, inamuuza. Courtois na De Bruyne walitoka pale kwenda Chelsea. Koulibaly alitoka pale kwenda Napoli. Samatta alipofika alimkuta Ndidi wa Nigeria, ambaye mwaka mmoja baadaye aliuzwa Leicester. Ukifunga mabao Genk, wanunuzi wako tayari jukwaani na daftari. Samatta akafunga. Agosti 2018 aliwapiga Brøndby mabao 3 peke yake katika Europa League, Mei 2019 Genk wakawa mabingwa wa Ubelgiji kwa mara ya kwanza tangu 2011, na mwezi huo yeye akapewa Kiatu cha Ebony, tuzo ya mchezaji bora mwenye asili ya Afrika katika ligi ile.

Tarehe 5 Novemba 2019 nilikuwa kibanda umiza hapa Temeke, saa 5 usiku, Liverpool na Genk pale Anfield. Nusu ya watu walivaa jezi nyekundu, maana mtaa wetu ni wa Liverpool tangu enzi za Gerrard. Liverpool walikuwa wanaongoza 1-0. Dakika ya 40 ikapigwa kona, Samatta akawatangulia mabeki hatua moja, akaruka, kichwa, nyavu. Sikiliza: wale wenye jezi nyekundu walisimama wote. Kuna mmoja alivua kabisa, akabaki na singlendi, akaizungusha jezi ya Liverpool juu ya kichwa akimshangilia aliyewafunga Liverpool. Genk walipoteza 2-1 na hakuna aliyejali. Mwenye kibanda alisahau kuzima jenereta.

Ndiyo tufike Villa. Tarehe 1 Januari 2020 straika wao Wesley aliumia goti vibaya kule Burnley. Timu iko chini, inachungulia shimo la kushuka daraja, na haina mtu wa mbele. Wiki tatu baadaye wanamsaini Samatta. Yaani walimwita kama fundi wa bomba usiku, maji yameshajaa sebuleni. Mechi yake ya kwanza ni nusu fainali ya Kombe la Ligi na Leicester, wanashinda. Mechi ya kwanza ya ligi, tarehe 1 Februari kule Bournemouth, anafunga kwa kichwa, Mtanzania wa kwanza kufunga Ligi Kuu ya England. Tarehe 1 Machi yuko Wembley, fainali na Manchester City, timu iko nyuma 2-0, anajitupa, kichwa, 2-1. Siku chache baadaye ligi ikasimama kwa sababu ya korona. Iliporudi Juni viwanja vitupu, mechi juu ya mechi, Villa wanacheza kwa kujilinda, straika anaugusa mpira mara chache mno. Ligi alimaliza na mechi 14, bao 1. Timu ikanusurika siku ya mwisho kwa pointi 1. Septemba wakamnunua Ollie Watkins kwa pesa nyingi, Samatta akapelekwa Fenerbahçe.

Je, alicheza vizuri baada ya korona? Hapana, na sitakudanganya kwa sababu ni mtu wa Mbagala. Kuna nafasi alizokosa ambazo Genk angezifunga akiwa amefumba jicho moja. Lakini kufeli ni neno jingine. Mtu aliyenunuliwa timu isishuke, timu haikushuka.

Na hilo la kuporomoka liache kabisa. Alikwenda Antwerp kwa mkopo, akarudi Genk kwa mkopo. Juni 2023 Genk walikuwa dakika chache tu wawe mabingwa, Alderweireld akapiga shuti la mbali dakika za nyongeza na ubingwa ukaenda Antwerp, timu aliyotoka. Hapo ndipo nilimwonea huruma, kuliko Villa. Mwaka huohuo akahamia PAOK wa Ugiriki, wakawa mabingwa 2024. Mwaka 2025, na miaka yake 32, akasaini Le Havre, Ligi Kuu ya Ufaransa. Hesabu mwenyewe: Ubelgiji, England, Uturuki, Ugiriki, Ufaransa. Miaka 10 mfululizo anaamka asubuhi anakwenda mazoezini Ulaya. Huyo ndiye unayemwita ameporomoka? Mimi nachukua Fanta.

SWALI: Ndugu Katibu, hapa Mombasa tunasoma gazeti lenu. Mbona klabu za Uingereza hazichukui vijana wetu moja kwa moja, ilhali Wanaijeria wamejaa? Ni ubaguzi? (Msomaji, Likoni)

JIBU: Ubaguzi upo duniani, ndugu yangu, lakini hapa kikwazo kikubwa ni kibali cha kazi, nanyi Wakenya mnakijua kuliko sisi. McDonald Mariga, Januari 2010, alikuwa anatoka Parma kwenda Manchester City, kila kitu tayari. Kibali kikakataliwa. Enzi hizo Uingereza ilitaka nchi ya mchezaji iwe ndani ya 70 bora za FIFA, naye awe amecheza robo tatu ya mechi za taifa za ushindani kwa miaka 2. Kenya haikuwa humo. Siku hizohizo Inter Milan wakamchukua, na msimu ule Inter wakabeba ligi, Kombe la Italia na Ligi ya Mabingwa Ulaya. Sijui City walilala vipi.

Nchi ya Nigeria inambeba mchezaji wake kwenye hizo hesabu. Sisi mchezaji ndiye anaibeba nchi. Samatta alipoingia England, Tanzania ilikuwa nje ya 100 bora.

Tangu 2021 Waingereza wanatumia pointi, mchezaji anatakiwa afikishe 15. Anahesabiwa mechi za taifa, dakika alizocheza katika ligi yake, uzito wa ligi hiyo, mashindano ya bara. Ndiyo maana njia ya mzunguko bado ni ya maana. Victor Wanyama wenu alipita Beerschot ya Ubelgiji, akaenda Celtic, Novemba 2012 akawafunga Barcelona kwa kichwa, mwaka uliofuata Southampton wakamnunua. Ubelgiji haikuulizi nchi yako ni ya ngapi. Inataka mchezaji wa nje ya Umoja wa Ulaya alipwe kima fulani cha mshahara, na kima chenyewe klabu ya kawaida inakimudu. Uholanzi nayo inatumia mshahara, lakini kwa aliyefikisha miaka 20 wao wameuweka juu ya wastani wa ligi yenyewe, kwa hiyo klabu ndogo inamtazama kijana wa Likoni, inapenda, inapiga hesabu, inaondoka.

Mkiona kijana wenu anakwenda ligi ambayo hamuioni kwenye televisheni, msimzomee. Ulizeni anacheza dakika ngapi.

SWALI: Kaka yetu alisaini klabu ya daraja la pili huko Ulaya miaka 2 iliyopita. Redioni walisema analipwa mamilioni. Nyumba ya mama mpaka leo haijapauliwa. Je, tumshitaki kwa wakala wake? (Wadogo zake, Kigoma)

JIBU: Wanangu, ule mshahara wa redioni ni kabla ya kodi. Nchi kama Ubelgiji kodi ya kipato kwa wanaolipwa vizuri inafika hadi asilimia 50. Toa pango la nyumba, toa umeme wa kupashia nyumba joto miezi 6, toa asilimia ya wakala. Mikataba ya madaraja ya chini ni mifupi, mara msimu mmoja tu, na sehemu nzuri ya pesa ni posho ya kucheza na kushinda. Akiumia nyama za paja Oktoba, posho hakuna hadi Januari. Na hawezi kuwaambia, kwa sababu picha aliyowatumia mwanzoni ilikuwa na gari ambalo nina wasiwasi ni la mwenzake.

Kwa wakala msiende. Mpigieni simu Jumapili jioni, mechi zimeisha, na bati msilitaje. Nyumba pigeni hesabu ya mbao na misumari, mtumieni karatasi ya fundi yenye bei. Kwa uzoefu wangu wachezaji wanalipa karatasi haraka kuliko malalamiko.

SWALI: Kocha wetu amenishauri nipunguze umri miaka 3 ili niitwe timu ya vijana, mawakala wanione. Kila mtu anafanya. Nifanye? (Jina tunalo, Dodoma)

JIBU: Usifanye. Mwaka 2005 Serengeti Boys walishafuzu fainali za Afrika za chini ya miaka 17 kule Gambia, tukaenguliwa kwa sababu ya umri wa mchezaji mmoja. Vijana wote wakabaki nyumbani. Siku hizi kuna kipimo cha MRI cha kifundo cha mkono, mfupa unasema wenyewe. Na ukiwa na cheti kimoja kinasema hivi, cha shule kinasema vile, siku klabu ya maana ikikutaka mwanasheria wao anaziweka mezani karatasi mbili na dili linafia hapo. Kocha wako hatakuwapo.

SWALI: Nani Mtanzania wa kwanza kucheza mpira wa kulipwa Ulaya? Kuna mzee hapa anasema si Samatta. (Mwanafunzi, Tanga)

JIBU: Mzee yuko sahihi, msalimie. Ni Sunday Manara wa Yanga, tuliyemwita Kompyuta, aliyekwenda Heracles ya Uholanzi miaka ya 1970 mwishoni. Wakati huo wengi wetu kompyuta yenyewe hatujawahi kuiona, ila tulijua ni kitu chenye akili kupita watu.

SWALI: Katibu mwenzangu, timu yetu ya vijana ilimlea mtoto kuanzia miaka 13 hadi 17. Sasa yuko Ligi Kuu na kuna tetesi anatakiwa nje. Wajumbe wa kamati wanasema FIFA itatupa hela, wameshaanza kugombania matumizi. Ni kweli au maneno ya kijiweni? (Katibu, Tabora)

JIBU: Ni kweli, na barua yako ndiyo iliyonifurahisha kuliko zote.

Mchezaji akiuzwa kutoka nchi moja kwenda nyingine mkataba wake ukiwa haujaisha, asilimia 5 ya pesa hiyo inakatwa na kugawiwa timu zilizomlea kati ya miaka 12 na 23. Mwaka wa kalenda anaotimiza miaka 12 hadi ule wa 15, kila mmoja una robo asilimia. Wa 16 hadi 23, kila mmoja nusu asilimia. Nyie mna miaka ya 13, 14 na 15, hiyo ni 0.75. Ongeza wa 16 na 17, hiyo ni 1. Jumla 1.75. Akiuzwa euro milioni 1, fungu lenu ni euro 17,500, kwa shilingi ni zaidi ya milioni 40. Akiuzwa tena baadaye, mnapata tena. Akimaliza mkataba akaondoka bure, fungu hilo halipo, kwa hiyo waambie wajumbe waache kwanza kununua basi. Ipo pia fidia ya mafunzo, inayohusu anayehama nje kabla ya mwaka anaotimiza miaka 23 kwisha, lakini tuimalize hii kwanza.

Tangu Novemba 2022 malipo yanapitia ofisi maalumu ya FIFA iliyoko Paris. Wao wanasoma pasipoti ya mchezaji kwenye mfumo, timu kwa timu, tarehe kwa tarehe. Kama usajili wenu wa mtoto haumo kwenye mfumo wa shirikisho, Paris haitawaota. Kwa hiyo kesho asubuhi swali lako la kwanza ni hili: yule mtoto tulimsajili rasmi, au tulikuwa tunamchezesha tu?

Nakwambia kwa sababu iliwahi kunikuta. Tulikuwa na beki wa kushoto, tulimchukua ana miaka 14 anauza karanga stendi, akakaa nasi misimu 5. Alipita timu nyingine mbili, akauzwa nje. Mimi nilisikia redioni, mwaka wa tatu tangu auzwe. FIFA haisikilizi dai lililopita miaka 2. Hata ningewahi, ushahidi wangu ulikuwa nini? Daftari. Nilikuwa nimeyapanga majina yote vizuri, picha za pasipoti nimezibandika kwa gundi ya uji, kila mtoto na tarehe yake ya kujiunga. Masika moja bati la ofisi likavuja usiku kucha juu ya kabati. Nilipofungua kurasa zilikuwa zimeshikana, wino wa buluu umeyeyuka, na panya walikuwa wameshakula ule uji pamoja na nyuso za watoto. Nakala za fomu nilizipeleka ofisi moja ya mpira, siitaji, wakaniambia zilipotea walipohama jengo. Wakati huo sikudai risiti ya kuzipokea. Katibu mzima.

Wewe fanya hivi. Nenda kwenye chama chenu cha mkoa na fomu za misimu yote 5, na kila unachokabidhi kigongwe muhuri kwenye nakala yako. Omba uonyeshwe kwenye skrini jina la mtoto na timu yenu, usikubali kuambiwa "ipo." Piga picha kila karatasi, zitume kwenye barua pepe ya klabu na ya watu wawili zaidi. Halafu daftari endelea nalo, la kwaya 4, jalada gumu. Picha bana kwa pini.